"Judeo-Christian": Asili ya Neno na Safari ya Maana Yake

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Ahli zake na Sahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Msomaji wa magazeti na msikilizaji wa idhaa za nje hakosi kukutana na maneno "maadili ya Kiyahudi-Kikristo" au "ustaarabu wa Kiyahudi-Kikristo". Maneno hayo ni tafsiri ya kivumishi kimoja cha Kiingereza, "Judeo-Christian", ambacho Waingereza aghalabu huandika "Judaeo-Christian". Wanasiasa wa Ulaya na Marekani hukitumia kana kwamba ni jina la kitu kikongwe kilichokuwapo tangu zama za Mitume. Nasi kwa upande wetu tumekuwa tukisikia juu ya mimbari kwamba neno hilo ni ushahidi wa mkataba wa kale baina ya Mayahudi na Manasara dhidi ya Uislamu. Makundi haya mawili hayapatani katika jambo lolote ila hili moja, kwamba neno ni la kale. Na hapo ndipo yote mawili yanapoteleza. Neno lenyewe halijatimiza miaka 250, na maana yake ya leo haijatimiza hata 100. Maana yake ya mwanzo ilikuwa nyingine kabisa, na Myahudi wa wakati ule angeisikia angeikasirikia.

Tuanze na umbo lake. Wanafunzi wa nahau wanajua kuwa Waarabu wanapotaka kufanya nisba kutokana na jina la maneno mawili wana njia zao. Hadhramaut hutoa Hadhrami, na Abdu Shams hutoa Abshami kwa njia ya nahti, yaani kuchonga herufi za maneno mawili zikawa neno moja. Kiingereza nacho kina njia yake, iliyorithiwa kutoka Kigiriki kwa kupitia Kilatini: neno la kwanza hukatwa mwisho wake, likatiwa sauti ya "o", kisha likaunganishwa na la pili kwa kistari. Sisi wa Afrika Mashariki tunaijua "o" hiyo vizuri kuliko tunavyodhani. Mwaka 1957 Zanzibar kilizaliwa chama kutokana na kukutana kwa jumuiya ya Waafrika na jumuiya ya Washirazi, kikaitwa Afro-Shirazi, na jina hilo likatajwa na wakubwa kwa wadogo mpaka chama kilipoungana na TANU mwaka 1977. Hakuna aliyehitaji kufundishwa kuwa "Afro-" pale maana yake ni watu wawili waliosimama bega kwa bega.

Lakini "o" hii ina tabia ya udanganyifu. Mara nyingine huunganisha vitu viwili vilivyo sawa, mfano wa atfu kwa herufi ya wau, kama hapo kwenye Afro-Shirazi. Mara nyingine neno la kwanza huwa ni sifa tu ya la pili, mfano wa naati na man'uti: kitu ni kimoja, na neno la kwanza linaeleza ni cha aina gani. Umbo halibadiliki. Anayesoma "Judeo-Christian" hawezi kujua kwa kulitazama tu kama linakusudia Mayahudi na Wakristo, au Wakristo ambao ni Mayahudi. Historia yote ya neno hili ni historia ya kuhama kutoka maana hii ya pili kwenda ile ya kwanza.

Na vipande vyake viwili vimetoka wapi? "Judeo" ni Kilatini Judaeus, kutoka Kigiriki Ioudaios, kutoka Kiebrania Yehudi, nisba ya Yehuda, mmoja wa wana wa Nabii Yaaqub (a.s.). "Christian" ni nisba ya Kigiriki Khristos, yaani aliyepakwa mafuta, nayo ni tafsiri ya neno la Kiebrania mashiah. Kwa hiyo nusu ya kwanza ilitoka Kiebrania kwa sauti, na nusu ya pili ikatoka Kiebrania kwa maana. Waarabu walilichukua lile la pili kwa sauti yake wakasema al-Masih, na hilo ndilo lililomo ndani ya Qur'ani Tukufu. Ila wafuasi wake Qur'ani haiwaiti kwa nisba ya al-Masih, bali huwaita Nasara. Katika Kiswahili cha pwani tumeyahifadhi majina yote mawili, Manasara na Wakristo, wala hatuoni tabu.

Wakristo wa Kiyahudi

Ushahidi wa mapema wa neno letu katika Kiingereza ni barua ya mwaka 1821. Mwandishi wake ni Alexander McCaul, mmishonari wa jumuiya iliyoanzishwa London mwaka 1809 kwa ajili ya kueneza Ukristo baina ya Mayahudi. McCaul alitumwa Poland, nchi iliyokuwa na Mayahudi wengi, na huko akakutana na shida wanayoijua wamishonari wote: Myahudi akibatizwa jamaa zake humtupa, na kazi yake hupotea. Akapendekeza pawepo makazi ya "Judeo-Christian", mahali pa kukimbilia ambapo waliobatizwa wangepata riziki. Neno hapa halina maana ya Mayahudi na Wakristo wakikaa pamoja. Lina maana ya Mayahudi walioacha dini yao.

Miaka michache baadaye, mwaka 1829, lilitumiwa na Joseph Wolff. Huyu alikuwa ni mtoto wa rabi wa Ujerumani, akaingia Ukatoliki, kisha akahamia Kanisa la Uingereza, akazunguka nchi za Waislamu hadi Bukhara akihubiri. Wolff alilitumia kwa kanisa ambalo lingehifadhi baadhi ya desturi za Kiyahudi ili Mayahudi wavutike kuingia. Maana ni ile ile. Kwa ufupi, neno ambalo leo linadaiwa kuwa ni la maelewano lilizaliwa katika ofisi za wamishonari, na kazi yake ilikuwa kumtoa Myahudi katika Uyahudi.

Wataalamu wa historia ya dini nao walikuwa na dhana ya karibu na hiyo. Mwaka 1831 Ferdinand Christian Baur wa Tübingen, Ujerumani, aliandika kuwa Wakristo wa mwanzo walikuwa makundi mawili yenye mgogoro: kundi la Petro, waliokuwa Mayahudi na wakaendelea kushika Taurati, na kundi la Paulo, lililofungua mlango kwa mataifa mengine na kuiacha sharia. Tangu hapo ikawa kawaida ya wanazuoni wa Ulaya kuzungumzia Ukristo wa Kiyahudi kwa maana ya hilo kundi la kwanza, pamoja na waliofuata nyayo zake kama Waebioni, ambao maandishi ya makasisi wa karne ya 2 yanawataja kuwa walishika Taurati na kumkataa Paulo. Kwa Mwislamu jambo hili si dogo, maana walikuwapo watu wakimfuata Nabii Isa (a.s.) huku wakisali na kula kwa sharia ya Nabii Musa (a.s.).

Zaidi ya miaka 100 kabla ya Baur alikuwapo mtu wa Ireland, John Toland. Mwaka 1718 alitoa kitabu alichokiita Nazarenus, na katika jina lake refu akautaja Ukristo wa aina tatu: wa Kiyahudi, wa watu wa mataifa, na wa "Kimuhammadi". Jina hilo la tatu sisi hatulikubali, na tuna haki. Lakini tutazame alichokusudia. Toland alikuwa ameonyeshwa huko Amsterdam, mwaka 1709, hati ya Kitaliano ya kitabu kinachoitwa Injili ya Barnaba, akadhani ameona ushahidi kuwa itikadi ya Waislamu juu ya Isa (a.s.) ina mizizi kwa wale Wakristo wa Kiyahudi wa mwanzo. Basi kabla kistari hakijawaunganisha wawili, alikuwapo Mzungu aliyeweka watatu katika sentensi moja.

Hapa tunaomba ruhusa ya kusema neno la pembeni, kwa sababu hati hiyo ndiyo hiyo iliyoko Vienna hivi leo, ndiyo iliyofasiriwa kwa Kiingereza mwaka 1907 na kwa Kiarabu mwaka 1908, na wahadhiri wetu wengi wanaipenda. Injili hiyo inasema mwaka wa jubilei huja kila baada ya miaka 100. Katika Taurati jubilei ni ya kila mwaka wa 50. Ile ya miaka 100 iliwekwa na Papa Boniface wa 8 mwaka 1300, na haikudumu hata nusu karne kabla ya kupunguzwa. Wataalamu walio wengi huiona hati kuwa ni ya zama za baadaye mno, na dalili kama hii si rahisi kuijibu. Haki haihitaji kusimamishwa kwa gongo lililooza. Mwenye kutaka kusema juu ya Nabii Isa (a.s.) anayo Qur'ani.

Tukirudi kwenye neno letu, mwishoni mwa karne ya 19 lilianza kutumiwa katika lugha za Ulaya kwa maana ya vyote viwili, Uyahudi na Ukristo, lakini si kwa sifa njema. Mfalsafa wa Kijerumani Friedrich Nietzsche, katika kitabu alichokiandika mwaka 1888 akiushambulia Ukristo, alizungumzia maadili ya Kiyahudi-Kikristo kwa dharau, akiyaita maadili ya wanyonge wenye chuki na wenye nguvu. Kwa hiyo wa kwanza kuwafunga wawili hawa kwa kamba moja hakuwa rafiki yao, bali mtu aliyetaka kuwatupa wote shimoni.

Neno lapata kazi mpya

Maana tunayoisikia leo ilizaliwa katika miaka ya 1930, na sababu yake ilikuwa hofu. Hitler alikuwa ameshika Ujerumani. Marekani kwenyewe makundi yenye chuki na Mayahudi yalikuwa yakijipamba kwa neno "Christian". Kasisi Charles Coughlin, aliyekuwa akisikilizwa redioni na mamilioni ya watu, ndiye aliyekuwa nyuma ya kundi la Christian Front la mwaka 1938. William Dudley Pelley, kiongozi wa Mashati ya Fedha, aligombea urais mwaka 1936 kwa chama alichokiita Christian Party. Neno la dini likawa limetekwa. Wakristo waliochukizwa na jambo hilo walitafuta neno ambalo mtu akilitamka tu inajulikana kuwa hayuko pamoja na kina Coughlin. Wakaliokota hili la wamishonari, wakalivua maana yake ya zamani, wakalivika mpya. Tarehe 27 Julai 1939 gazeti la New English Weekly la London lilichapisha maneno yanayohesabiwa kuwa ni ushahidi wa mwanzo wa "Judaeo-Christian" katika maana hii ya maadili ya pamoja.

Ni lazima tuwe waadilifu hapa. Waliofanya hivyo miaka ile walifanya jambo jema, na Mwislamu hana sababu ya kulichukia. Mayahudi walikuwa wakiuawa kwa mamilioni. Jumuiya ya Wakristo na Mayahudi ya Marekani ilikuwa ikituma watu watatu watatu, padri, mchungaji na rabi, kuzunguka miji na baadaye kambi za jeshi, wakihutubia wakiwa jukwaa moja. Tarehe 3 Februari 1943 meli ya kijeshi Dorchester ilipigwa na Wajerumani karibu na Greenland, na katika watu 902 waliokuwamo walikufa 672. Viongozi wanne wa dini waliokuwa melini, wachungaji wawili wa Kiprotestanti, padri mmoja wa Kikatoliki na rabi mmoja, walitoa maboya yao kuwapa askari, wakazama na meli. Mwaka 1948 picha zao zilitiwa katika stempu ya posta. Kwa Wamarekani wa kawaida picha ile ilifanya kazi ambayo makala 1,000 za maprofesa zisingeifanya.

Vita vikaisha, vikaja vita baridi, na adui sasa akawa Mkomunisti asiyemwamini Mungu. Tarehe 22 Desemba 1952 Dwight Eisenhower, aliyekuwa amechaguliwa kuwa rais lakini hajaapishwa, alihutubia New York. Alisema kwa maana kuwa serikali yao haina maana yoyote isipokuwa imejengwa juu ya imani ya dini, na kwamba yeye hajali ni dini gani. Kisha akaongeza kuwa kwao wao, bila shaka, ni fikra ya "Judeo-Christian". Mwenye kuitazama sentensi hiyo kwa makini ataona mlango unafunguliwa na kufungwa kwa pumzi moja. Mwaka 1954 maneno ya kumtaja Mungu yaliingizwa katika kiapo cha bendera, na mwaka 1956 ikatungwa sheria ya kufanya kumtegemea Mungu kuwa kaulimbiu ya taifa.

Wala Eisenhower hakuwa adui wa Waislamu. Tarehe 28 Juni 1957 alikwenda mwenyewe, na mkewe, kwenye ufunguzi wa Kituo cha Kiislamu cha Washington, akasema Marekani ingepigana kwa nguvu zake zote kulinda haki ya Waislamu ya kuwa na "kanisa" lao. Alisema kanisa. Hakuwa na nia mbaya. Kamusi yake haikuwa na nafasi nyingine. Jeshi la nchi hiyo lilipata kiongozi wa dini Mwislamu kwa mara ya kwanza mwaka 1993, miaka 50 baada ya Dorchester.

Waliokataa kufungwa kistari

Ingedhaniwa kuwa Mayahudi wote walilifurahia neno hili. Sivyo. Mwaka 1969 mwandishi wa Kiyahudi Arthur A. Cohen aliandika kuwa huo unaoitwa urithi wa Kiyahudi na Kikristo ni hekaya. Hoja yake ni kuwa dini mbili hizi zilitengana kwa jambo la msingi, nalo ni je, Masihi amekwisha kuja au bado, na kwamba karne nyingi za uhasama hazifutwi kwa kistari. Aliona pia kuwa katika ndoa hiyo Uyahudi hugeuzwa kuwa ukumbi wa kupitia kwenda kwenye nyumba ya Kikristo. Ukikumbuka McCaul na makazi yake ya mwaka 1821, utaona hofu ya Cohen haikutoka hewani.

Kisha neno likageuka tena. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 lilichukuliwa na Wakristo wa siasa kali za mrengo wa kulia Marekani. Neno lililotungwa kumwingiza aliyekuwa nje likaanza kutumika kumtoa mwingine. Baada ya Septemba 2001 mtoaji na mtolewaji walijulikana. Ulaya nayo ikaliazima. Tarehe 3 Oktoba 2010 Rais Christian Wulff wa Ujerumani aliutaja Ukristo na Uyahudi kuwa ni sehemu ya nchi hiyo, kisha akasema Uislamu nao sasa ni sehemu yake. Pakawa na ghasia katika magazeti, na waliompinga wakashikilia urithi wa Kikristo na Kiyahudi. Nchi ambayo miaka 70 nyuma ilikuwa ikiwaua Mayahudi, baadhi ya wanasiasa wake sasa waliwatanguliza Mayahudi kama ushahidi wa kumkatalia Mwislamu. Viongozi wa Kiyahudi wasiopenda kutumiwa hivyo hawakukosekana.

Historia yenyewe haiungi mkono kistari cha aina hiyo. Saadia Gaon, aliyefariki mwaka 942, aliifasiri Taurati kwa Kiarabu akiwa katika Iraq ya Bani Abbas. Musa bin Maimun, aliyefariki Misri mwaka 1204, aliandika kitabu chake kikubwa cha falsafa, Dalalat al-Hairin, kwa Kiarabu kilichoandikwa kwa herufi za Kiebrania. Kiingereza kina kivumishi cha maandishi hayo, nacho ni "Judeo-Arabic", ila hakuna mwanasiasa anayekitumia. Bernard Lewis, ambaye wengi wetu hatukumhesabu kuwa mtetezi wa Waislamu, alizungumzia mwaka 1984 urithi wa "Judaeo-Islamic", na mwaka 2004 Richard Bulliet wa chuo kikuu cha Columbia aliandika kitabu kizima kutetea ustaarabu wa "Islamo-Christian". Lakini tusijitie upofu. Bin Maimun huyo huyo aliondoka Andalusi na jamaa zake kwa sababu ya dhuluma ya Muwahidina, walioiteka Cordoba mwaka 1148, na wale walikuwa ni Waislamu.

Istilahi yao na istilahi yetu

Swali linalobaki kwa imamu na mwanafunzi ni hili: je, si kweli kwamba nasi tunawaunganisha? Tunasema Ahlul-Kitab. Jawabu ni kuwa istilahi hii ni ya hukumu, si ya ustaarabu. Imefungamana na kuhalalika kwa vichinjwa na ndoa, kama ilivyo katika Suratul-Maida aya ya 5, na na jizia. Kwa kuwa ni ya hukumu, mafaqihi waliichunguza mtu kwa mtu na kabila kwa kabila. Bani Taghlib walikuwa Waarabu walioingia Unasara. Ali (r.a.) alikataza vichinjwa vyao, kwa kuwa hakuona walichokishika katika Unasara isipokuwa ulevi, na Ibn Abbas (r.a.) akaviruhusu. Majusi wa Hajar walichukuliwa jizia kama Ahlul-Kitab, lakini jumhuri hawakuhalalisha vichinjwa vyao. Hakuna aliyejenga juu ya istilahi hiyo wimbo wa taifa.

Wapo wanaopendekeza badala ya "Judeo-Christian" liwekwe "Abrahamic", yaani "ya Kiibrahimu", ili tuingie sote. Neno hili lina harufu nzuri kwetu, kwani tumeamrishwa kufuata mila ya Ibrahim (a.s.). Lakini Suratu Aal-Imran aya ya 67 imemkana Ibrahim kuwa Myahudi au Mnasara, na ikamthibitisha kuwa ni hanifu Mwislamu. Neno likitumika kwa maana ya watu wenye nasaba ya utume mmoja kukaa kwa wema, hilo halina ubaya. Likitumika kwa maana ya dini tatu kuchanganywa ziwe moja, hapo ndipo Sheikh wa Al-Azhar, Ahmad al-Tayyib, alipolikataa hadharani Novemba 2021. Wanaosema hakuna ugomvi katika istilahi wamesema kanuni sahihi, ila kanuni hiyo hufanya kazi pale tu maana inapokuwa imejulikana. Katika Suratul-Baqara aya ya 104 waumini waliachishwa neno moja na kupewa jingine, na yote mawili kwa msemaji mwema yalikuwa na maana moja.

Kwa wanaofasiri, tunapendekeza hivi. Ukikutana na "Judeo-Christian" katika maandishi ya wamishonari wa karne ya 19, au ya wanahistoria wanaoeleza karne za mwanzo, andika "Wakristo wa Kiyahudi" au "ya Wakristo wa Kiyahudi". Katika maandishi ya miaka ya 1930 na kuendelea andika "ya Kiyahudi na ya Kikristo", kwa kulirudia "ya" ili msomaji aone kuwa ni vitu viwili na kwamba kuna mtu aliyeviunganisha. Kistari tukiache kwa wenyewe, kwani Kiswahili kina "na" na "wa", na kila moja inajulikana kazi yake. Wala lisifasiriwe kwa Ahlul-Kitab hata mara moja, ili mtu asije akachukua hotuba ya mgombea urais akaijengea hukumu ya nyama.

Wallahu a'lam.